Mpwa wa Mfalme Nalinga

Kwa miaka mingi Twahiru alipigana vita visivyomhusu. Alizingira miji ya mawe akiwa amekalia kiti cha plastiki, aliwaamuru wapiga mishale wafyatue huku yeye anapiga miayo, na alizika wafalme wengi kuliko watu wa kawaida waliozikwa na masheikh wa Mtwara. Vita vikiisha alikunywa chai yake ya tangawizi, akarudi nyumbani kwa miguu, na mkewe Tabu akamuuliza leo kafa nani.

"Wafalme wawili. Na farasi wengi."

"Haya, poleni. Mkaa umekwisha."

Kazi yake ilikuwa kutafsiri muvi. Asiyeijua kazi hii na aelezwe. Katika kibanda umiza cha Rukia, pale Chuno, watu hujibana kwenye mabenchi mbele ya televisheni kubwa, na muvi zenyewe zimetoka nchi za mbali, zinasema lugha ambazo hakuna mtu wa mtaa ule aliyefundishwa. Mtafsiri hukaa pembeni na kipaza sauti. Wale wakifungua midomo, yeye ndiye anayesema. Siku hizi wapo madijei wa Dar es Salaam wanaorekodi sauti zao moja kwa moja kwenye muvi, na vibanda vingi vimeridhika nazo. Lakini kwa muvi za wafalme wa kale, zile za ngao na mapanga na magari ya kukokotwa na farasi, watu wa Chuno walikuwa hawamtaki mwingine. Kwa Twahiru wafalme walisema kama watu. Waligombea mashamba, waliwaogopa mama wakwe zao, na mjumbe akiingia ikulu anahema kutoka vitani, kwanza alikaribishwa maji ya kunywa.

Je, alizijua lugha hizo? Wapi! Hakuijua hata moja. Alitazama mikono, alitazama macho, alitazama nani kakaa wapi na nani kasimama. "Ntu hata akiwa Mrumi," alipenda kusema, "akidai chake utamjua tu."

Sasa alikuwa amechoka. Haukuwa uchovu ule wa kulala ukaamka umekwisha. Ulikuwa uchovu uliohamia mwilini na mizigo yake yote, na mahali ulipochagua kukaa ni kooni. Sauti ilianza kumkatika katikati ya maneno, jemadari anatoa amri nusu, nusu nyingine inatoka pumzi. Tabibu wa zahanati alimmulika kooni kwa tochi, akamuuliza kazi yake, akacheka, kisha akaacha kucheka. Alimwambia aipumzishe sauti, la sivyo siku moja ataitafuta asiione. Haikuwa ajabu. Kati ya salfa aliyoipulizia mikorosho tangu ujana na wafalme aliowapigia kelele hadi nywele zikageuka mvi, koo moja lilikuwa limefanya kazi ya watu wawili.

Kitu alichokitaka Twahiru duniani kilikuwa kimoja, shamba la mikorosho la Mpapura, la marehemu mjomba wake Abeid. Alitaka akae pale na Tabu, apalilie taratibu, apulizie msimu ukifika, aokote korosho, na asiseme na mtu. Mikorosho haihitaji kutafsiriwa.

Na shamba lile, jamani, alikuwa amelitolea jasho. Baba yake aliondoka naye bado anatambaa, akaenda zake Msumbiji na hakurudi. Mjomba Abeid ndiye aliyemchukua, ndiye aliyempeleka jandoni, ndiye aliyempa jembe la kwanza. Wakafyeka msitu wawili. Mikorosho mizee ilipochoka kuzaa, Twahiru ndiye aliyekwenda kituo cha kilimo cha Naliendele kutafuta miche mipya, akairudisha kwenye baiskeli, anaisukuma kama mtu anayesindikiza mgonjwa. Mtoto wa kumzaa wa mzee Abeid, naye ni mmoja tu, Idrisa, alilelewa mjini kwa mama yake. Akakua mfanyabiashara, akafungua duka la spea za pikipiki, na Mpapura alikuwa akienda siku za Idi.

Kwa Wamakonde wa zamani jambo hili halikuwa na mjadala. Mrithi wa mtu ni mtoto wa dada yake. Mtoto wako wa kumzaa ana wajomba zake, aende huko akale. Lakini dini ilipokuja ilikuja na hesabu yake, na katika hesabu hiyo mtoto yupo, mpwa hayupo. Watu wa huku wamejifunza kuishi na yote mawili, wanapindapinda hapa na pale, mwenye kuandika wasia anaandika, mwenye kugawa mapema anagawa. Mzee Abeid hakufanya lolote. Alikuwa mtu wa kesho. Alizoea tu kusema, wakipumzika kivulini na kibuyu cha maji, "Hili shamba ni lako hili, Twahiru," na waliosikia ni mikorosho.

Baada ya arobaini ya marehemu ukapangwa mkutano wa familia. Sheikh Yusufu, imamu wa pale kijijini, hakuzungukazunguka. Kwa sheria ya dini shamba ni la Idrisa, alisema. Ila mwenye mali akiridhia mwenyewe kumpa ndugu yake, dini haimzuii, tena inamsifu. Basi Jumapili Twahiru aje aseme, Idrisa asikie, moyo wake uamue. Naye Mwanahawa, mama yake mdogo Twahiru, dada wa mwisho wa marehemu aliyebaki hai, akaongeza la ukoo wao. Anayedai kwa jasho lazima asimame aseme mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, mbele ya watu. "Ntu mwenye jasho hasemewi," alisema bibi yule, na alisema kwa furaha, maana alimjua mwana wa dada yake. Nani Mtwara nzima angemshinda Twahiru kwa kusema?

Tabu naye alijua. Wiki nzima alimkataza hata kuitikia hodi. "Sauti uliyobaki nayo ni ya Jumapili," alimwambia. "Usiimwage ovyo."

Twahiru akatafuna tangawizi, akanyamaza, na ndani ya ukimya akaitunga hotuba yake. Aliyewasemea wafalme wa kila nchi, safari hii alikuwa anajisemea mwenyewe. Akaipanga kichwani neno kwa neno, akaondoa maneno ya hasira, akaacha ya kweli.

Ndipo Rukia alipompelekea habari kwamba sehemu ya mwisho ya Nalinga imefika.

Hapa lazima tusimame kidogo, maana bila kumjua Nalinga mtu hataelewa. Ilikuwa muvi ndefu, inakuja vipande vipande, unamaliza kimoja unakaa hata mwaka ukingoja kingine. Habari za mfalme mzee wa zamani za kale, katika mji wa mawe kando ya mto, amezungukwa na maadui pande zote. Twahiru alimpa jina Mfalme Nalinga. Mfalme alikuwa na dada anayevaa nguo nyeupe, hambanduki ubavuni, na dada ana kijana wake, mrefu, makovu usoni, anayembebea mfalme ngao vitani na kulala juu ya ukuta wakati wa mzingiro. Mfalme alizoea kumweka mkono kichwani. Twahiru alipomwona tu alijua huyo ndiye mrithi, akamwita Mchopa. Baadaye akatokea kijana mwingine, mtoto wa mfalme mwenyewe, amerudi kutoka ugenini, amevaa shaba kutoka shingoni hadi magotini, anang'aa kama sufuria la harusi. Huyo akaitwa Shaba, na Chuno yote ikamchukia siku ile ile.

Mchopa alipomfungia Shaba milango ya mji, muvi yenyewe ilipiga muziki mzito wa kutisha. Twahiru akasema hiyo ni ngoma ya kumsimika mrithi. Dada wa mfalme alipotia unga fulani kwenye kikombe cha kaka yake, akasema ni dawa ya kifua. Mfalme akanywa, akakohoa, akafa kwa mateso makubwa. Maradhi yalikuwa yameshakomaa, alieleza Twahiru, na akinamama wa benchi la nyuma wakamlilia mgonjwa.

Shabiki mkubwa wa Mchopa kuliko wote alikuwa Idrisa. Ndiyo, huyo huyo Idrisa. Benchi la mbele lilikuwa lake, na juu ya mlango wa duka lake ameandika kwa rangi nyekundu MCHOPA SPEA. Yeye na Twahiru, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, kwa desturi walikuwa watani, na hata msiba haukuwaachisha. "We mzee," Idrisa alikuwa akimwambia, "ukifa kabla hujamtawaza Mchopa, nakufukua." Habari ya shamba hawakuigusa katika utani. Kila mmoja aliikwepa kama mtu anavyolikwepa jino bovu.

Asubuhi ya Jumamosi Twahiru akaenda kibandani kuitazama peke yake kwanza, kama ilivyokuwa kazi yake. Rukia akamwekea flashi, akamwachia, akaenda kufagia mlangoni.

Mwanzo hakuelewa. Mchopa alikuwa katika minyororo. Watu wa mji, wale wale waliotetewa na mkono wake, walimtupia matope na mboga zilizooza. Mama yake alimfuata nyuma amefungwa kamba, na nguo yake nyeupe ilikuwa imechafuka. Shaba alisimama juu ya ngazi, wazee wakimpigia magoti, na muziki uliopigwa safari hii hata kiziwi angejua ni wa furaha. Kisha picha zikarudi nyuma, kama muvi zinavyofanya zikitaka kukueleza jambo. Kikombe kile. Unga ule. Uso wa mfalme mzee akijua anakunywa nini na kutoka kwa nani. Mchopa nyuma ya pazia, akitabasamu.

Twahiru akairudisha, akaitazama tena. Akairudisha tena.

Alikuwa amekosea. Tangu sehemu ya kwanza alikuwa amekosea. Walioitengeneza muvi ile walitaka watu wamchukie Mchopa, na yeye miaka yote hiyo alikuwa ameifundisha Chuno kumpenda. Kwao huko mpwa anayesogea karibu na kiti cha mjomba ni mwizi. Hakuna haja hata ya kueleza, mtu anamtazama tu anajua. Twahiru alimtazama huyo huyo akamwona mrithi, kwa sababu hakujua macho mengine ya kumtazamia.

Akaona aibu. Kisha akacheka peke yake kwa kicheko kilichomkwaruza. Kicheko kilipoisha akaingiwa na kitu kibaya zaidi ya aibu. Aliogopa. Kama dunia nzima ikimtazama mpwa inaona mwizi, basi kesho Mpapura angesimama nani mbele ya watu? Alikumbuka jinsi alivyomgeuza mjomba kitandani miezi ile ya mwisho, akajiuliza kama waliokuwa wakipita barabarani walikuwa wakisema, mwone yule, anangoja shamba.

Rukia akachungulia na ufagio wake. "Vipi, anatawala?"

"Anachinjwa."

"Nani, Shaba?"

"Mchopa."

"Astaghfirullah!" Rukia akakaa kwenye benchi. Alikuwa mjane mwenye akili ya biashara, lakini Mchopa alikuwa Mchopa. Kisha akakumbuka yaliyo ya maana. "Sikiliza, Twahiru. Mkutano wenu wa kesho naujua. Leo sema kidogo tu, maneno mawili matatu, picha zitajieleza. Ukitaka hata usije kabisa, nitawaambia unaumwa."

"Nitakuja. Nitasema kidogo."

Na alikusudia hivyo, Mungu ni shahidi.

Baada ya alasiri kibanda kilifurika hadi wengine wakasimama nje wakichungulia kwenye nafasi za mabati. Idrisa alikuwa mahali pake, amevaa kanzu safi kama anakwenda kwenye sherehe ya kutawazwa. Twahiru akaanza kwa sauti ya chini, anaokoa pumzi. "Hapa wanapigana." "Hapa wamemzidi." Watu wakanung'unika, wakadhani anatania. Minyororo ilipotokea wakanyamaza.

Mchopa akaanza kushuka barabara ndefu kwenda uwanjani, matope yanamrukia usoni. Mtu mmoja nyuma akauliza kwa sauti, "Kwani kakosa nini?"

Swali lile ndilo lililomwangusha Twahiru. Angeweza kulijibu kwa neno moja. Alijua jibu, alikuwa ameliona asubuhi mara tatu. Angesema, alimuua mjomba wake. Lakini mdomo ulikataa. Mtu amembeba mtu miaka kumi na zaidi, amemlaza ukutani kwenye baridi, amempigania, kisha amwache afe mwizi mbele ya watu waliompenda, bila hata neno la kujitetea? Mchopa wa muvi alikuwa na hatia, sawa. Mchopa wa Chuno hakuwa nayo. Na hakuwa na mwingine wa kumsemea.

Akakikaribisha kipaza sauti mdomoni.

"Shaba, ndugu yangu," alisema, na sauti ikatoka nzima, ile ya zamani. "Sikuombi roho yangu. Roho ina mwenyewe. Naomba unisikie tu. Ukuta huu uliosimama juu yake, mawe ya chini niliyabeba mimi. Wewe wakati huo ulikuwa kwa mama yako, na sikulaumu, mtoto hachagui pa kulelewa. Mimi sikuwa na baba. Mjomba alinitoa vumbini akanipa jembe."

Mfalme gani tena anatoa jembe? Hakuna aliyejali. Idrisa alikuwa ameinama mbele, mikono kichwani.

"Tuliifungua nchi hii wawili. Mwaka wa njaa tulikula makopa ya muhogo asubuhi na jioni, na alipoona yamebaki kidogo alisema ameshiba. Nilijua hajashiba. Alipougua, nani aliyemgeuza? Nani alimwosha? Usiku akiita, aliita jina la nani? Alikuita wewe, Shaba. Nakwambia kweli, alikuita wewe. Lakini niliyeitika ni mimi."

Kwenye televisheni Mchopa alikuwa amefika uwanjani na mdomo wake umefungwa. Twahiru hakusubiri aufungue.

"Sisemi wewe si mtoto wake. Wewe ni damu yake, mimi ni jasho lake, na vyote viwili vilimtoka. Siitaki nchi kwa sababu ni kubwa. Naitaka kwa sababu naijua. Kila mti naujua ulipandwa mvua gani. Niache nikae pembeni, niinamie ardhi yangu, ninyamaze. Nimechoka, ndugu yangu. Nimepigana vita vya kila mtu. Nipe mahali pa kukaa chini."

"Mpe!" Idrisa alisimama, machozi yanamtiririka hadi kwenye kanzu. "Mpe chake! Shaba, huna haya wewe? Mpe!"

"Mpe!" wakaitikia mabenchi yote.

Shaba hakuwasikia. Akanyanyua mkono, na mwenye shoka akasogea. Twahiru alitaka kusema neno la mwisho, kumwombea maiti, lakini kilichotoka kwenye spika kilikuwa mkwaruzo, kisha hewa. Shoka likashuka kimya. Watu wakapiga kelele zima, zima, hatutaki kumwona huyo anatawazwa, na Rukia akazima. Walitoka polepole kama watu wanaotoka makaburini, na kila aliyepita alimgusa Twahiru begani.

Nyumbani Tabu alimuuliza leo kafa nani. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Tabu akaelewa. Hakumgombeza. Alikwenda kuchemsha maji, akaweka tangawizi, ndimu na asali, akamwinamisha juu ya bakuli la mvuke na kumfunika khanga kichwani, na ndani ya khanga ile Twahiru alimsikia mkewe akilia.

Jumapili walikaa kwenye mikeka mbele ya nyumba ya marehemu, Mpapura. Nyuma ya nyumba mikorosho ilikuwa imetoa maua, na hewa ilikuwa na ile harufu ambayo Twahiru angeitambua hata usingizini. Sheikh Yusufu akasoma dua, akaeleza upya lililowakutanisha, akamwelekea. "Haya, ndugu Twahiru. Tunakusikiliza."

Akasimama. Hotuba yote ilikuwepo kichwani, hakuna neno lililopotea. Akavuta pumzi, akaanza, na ikasikika kama mtu anayekuna ngozi ya ngoma kwa kucha.

"Sema, nwanangu," alimhimiza Mwanahawa. "Watu wanakungoja."

Akajaribu tena. Waliokaa karibu walisikia "nimelima," na wakasikia "nimechoka," na labda neno jingine katikati. Wa nyuma hawakusikia lolote. Idrisa alikuwa amekaa wima, mikono magotini, anamtazama kwa heshima zote, anangoja.

Tabu akashindwa kuvumilia. "Sheikh, niruhusu mimi niseme. Ninayajua yote, tangu jembe la kwanza."

Sheikh Yusufu akamgeukia Mwanahawa. Bibi wa watu alikuwa amechimba shimo kwa mkono wake na sasa aliliona. Lakini lilikuwa neno la ukoo, alilisema mwenyewe mbele ya mashahidi, na kulimeza asingeweza. "Mwenye jasho hasemewi," alisema, na safari hii alilisema akitazama chini.

Wakangoja tena. Kuku wakapita katikati ya mikeka. Mwishowe Idrisa akakohoa. "Mimi sina ubaya na binamu," alisema. "Nimekuja hapa nimemngoja aseme, na mdomo wake sote tunaujua. Angekuwa na la kusema, angelisema. Nami nimelichukua kuwa ameridhia. Basi shamba nitalishika mimi, nitaweka mtu wa kuliangalia." Akafikiri kidogo, akaona aongeze wema. "Na mabibo yote, korosho ikishatolewa, kila msimu achukue yeye."

Amina zikaitikiwa. Sheikh akashukuru kwamba hapakuwa na ugomvi, jambo lililo nadra katika mirathi, na wali ukaletwa. Twahiru alikula. Alishangaa kwamba anaweza kula.

Tabu alibaki kumsaidia Mwanahawa vyombo, angelala huko. Idrisa akasisitiza kumrudisha Twahiru mjini kwa pikipiki yake, haiwezekani binamu yake asimame barabarani akingoja gari. Kabla hajaiwasha alimshika bega, na Twahiru akaona macho yake yamevimba.

"Binamu, jana sikulala," Idrisa alisema. "Namuwaza yule Mchopa. Kwa maneno yale hata jiwe lingempa. Hivi yule Shaba ana moyo wa namna gani?"

Twahiru akamtazama usoni, akitafuta utani. Walikuwa watani, utani ulikuwa haki yao. Akatafuta machoni, akatafuta pembeni mwa mdomo. Hapakuwa na utani wowote. Palikuwa na mtu mwema mwenye huzuni, anayengoja kujibiwa.

Akapanda nyuma, akamshika kiunoni asianguke. Na njia nzima, mpaka wakaingia mjini, Idrisa aliirudia hotuba ile kwa sauti juu ya mlio wa injini, tangu mawe ya ukuta hadi mahali pa kukaa chini, na hakukosea hata neno moja.